Mchele wa Kumtolea Mwali

Darasa nililofundisha miaka ile lilikuwa chumba cha mwisho katika jengo la shule ya msingi ya serikali, pembezoni mwa Kibiti, upande unaotazama mikorosho. Wanafunzi wenyewe waliliita darasa la wakubwa. Kwenye makaratasi ya ofisi lilikuwa na jina refu zaidi, lakini maana ilibaki ile ile: lilikuwa darasa la watoto ambao shule iliwapita wakiwa kwenye shughuli nyingine, na ambao sasa umri hauwaruhusu tena kubanana kwenye dawati moja na watoto wadogo wa darasa la tatu. Alikuwapo kijana aliyekata boriti za mikoko Nyamisati tangu hajaota jino la mwisho. Alikuwapo msichana aliyekwisha kuwa mama. Walikuwapo waliouza mihogo ya kukaanga kwenye mabasi ya kusini, wakajua kuhesabu chenji kabla ya kujua herufi.

Wengi wao, hata hivyo, walipotezwa na mpunga. Familia za kwetu hushuka bondeni msimu wa kilimo na kujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kisha huishi humo mpaka mavuno. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege huja kwa makundi yanayotia giza, na ni lazima mtu akae juu ya dungu kuwaamia kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama: apige debe, avute kamba zilizofungwa makopo, arushe udongo kwa kombeo, na zaidi ya yote apige kelele. Kazi hiyo hupewa watoto, kwa sababu sauti zao ni kali na hawaoni haya kuzitoa. Mtoto anayeamia ndege msimu hadi msimu hafukuzwi shule na mtu. Siku moja anarudi tu na kukuta wenzake wanasoma vitabu asivyovijua, anakaa nyuma siku chache, halafu haji tena.

Binti ninayetaka kumweleza hapa alikuwa mmoja wao. Mama yake aliolewa tena Mbwera, huko visiwani kwenye delta, naye akabaki Kibiti na bibi yake mzaa baba. Bibi alikuwa na shamba bondeni na hakuwa na mtu mwingine wa kuamia. Siku ya kwanza alipojibu swali darasani kwangu, mwalimu wa chumba cha pili alitoka kuangalia kuna nini, maana mtoto yule alijibu kwa sauti ile ile ya kufukuzia ndege. Darasa zima lilicheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akalirudia jibu, na sauti haikupungua hata kidogo.

Alikuwa na akili ya haraka na uvumilivu, vitu viwili ambavyo mara chache nimevikuta kwa mtu mmoja. Kwa muda mfupi aliyafidia mengi yaliyompita, na nikaanza kumwandaa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao hufanywa kila mwaka mwezi wa tisa. Kwa watoto wa madarasa mengine, mtihani ule ulikuwa hatua ya kawaida. Kwa wanafunzi wangu ulikuwa nafasi ya mwisho. Darasa letu lilimfikisha mtoto kwenye mtihani mara moja tu. Asipotokea siku hiyo, hapakuwa na darasa jingine la kumpokea; umri ungekuwa umekwisha kumtoa kwenye hesabu za shule ya msingi, na sekondari isingemfungulia. Yeye alilijua hilo. Aliwahi kunieleza, bila huzuni yoyote, kwamba kama hapa hapatafaa basi atarudi dunguni, na kwamba dunguni si pabaya, ila ukishakuwa mkubwa ndege hawakuogopi.

Ilikuwa wakati wa kipupwe, asubuhi zikiwa na ubaridi, alipoacha kuja. Siku ya kwanza nilidhani ni homa. Siku iliyofuata niliuliza darasani, na wavulana wakatazama nje kupitia dirishani kana kwamba kuna jambo kubwa linatendeka kwenye mikorosho. Msichana aliyekaa naye dawati moja ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Yuko ndani, madam."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Binti alikuwa amevunja ungo, na bibi yake alikuwa amemweka ndani, kama ilivyofanywa kwa wasichana wa nyumba ile tangu hapo zamani. Sasa alikuwa mwali. Angekaa katika chumba cha nyuma, asionekane na wanaume wala watoto, akifundwa na wanawake, mpaka siku ya ngoma ya kumtoa. Siku hiyo ingepangwa na bibi. Mtihani ulikuwa umekwisha kupangwa na wengine.

Mwalimu mkuu, mtu mwema aliyependa mambo yaishe, alinishauri tupeleke taarifa kwa mtendaji wa kata. Sheria ilikuwa upande wetu, na yeye aliyasema hayo kwa haki. Lakini nilizijua nyumba za kwetu. Mtendaji akibisha hodi asubuhi, jioni binti angekuwa kwenye boti kuelekea Mbwera kwa mama yake, na kule kwenye vijito na visiwa hata serikali hufika kwa kuuliza njia. Nilimwomba anipe muda. Akanipa, akisisitiza kwamba kalenda haikuwa mali yake.

Nilikwenda kwa bibi siku ya Ijumaa, watu walipokwisha kutoka msikitini. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na boriti, imeezekwa makuti mapya upande mmoja na ya zamani upande mwingine, na ua wake ulikuwa umefagiwa mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio. Nilimwamkia, akaniitikia na kunipa kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, nikimweleza mtihani ni nini, kwa nini haungemsubiri mjukuu wake, na kwamba shuleni napo ni kwao. Nilimalizia kwa kumwomba nimwone mwanafunzi wangu, walau kwa muda mfupi. Hapo ndipo alipouliza kwetu ni wapi. Nikamwambia mama yangu ni wa Ngorongo na baba ni wa hapa hapa Kibiti.

"Basi wewe ni wetu," akasema. "Ulitolewa wapi? Ngorongo au huku?"

Nimefanya mitihani mingi maishani, ya kuandika na ya kujieleza mbele ya jopo, lakini swali lile lilinikuta mikono mitupu. Mama yangu alikuwa muuguzi wa kuhamahama vituo. Nilipofikia umri wa kuwekwa ndani nilikuwa shule ya bweni mkoa mwingine, na mama, ambaye mwenyewe alichezwa kwa ngoma ambayo watu wa Ngorongo waliisimulia kwa miaka, aliamua kwamba mimi ningeyaruka hayo. Hakuwahi kunieleza kwa nini. Na mimi sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza mimi.

"Sikuchezwa, bibi."

Kando ya mlango alikuwapo shangazi wa binti, akichambua kisamvu kwenye ungo. Huyu ndiye aliyekuwa kungwi, yaani mwanamke aliyekabidhiwa kumtunza na kumfunda mwali. Aliposikia jibu langu aliacha mikono yake juu ya majani.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya," akasema kungwi. "Leo nimemwona msungo mwenye digrii."

Msungo ni msichana ambaye hajachezwa, na kwa hiyo bado ni mtoto. Kungwi hakulisema kwa ubaya, na mimi nilicheka kabla yake. Hata hivyo nilijaribu kujitetea. Nilimkumbusha bibi kwamba nimeolewa, na nina watoto wawili ambao sasa wananipita kimo.

"Kuzaa?" akasema bibi. "Hata paka anazaa. Mtoto hamwoni mwali, mwanangu. Kama ungekuwa umechezwa ningekwambia pita, ukae naye mpaka magharibi. Lakini hukuchezwa."

Sitaki kuyapamba mambo haya. Nimesoma vya kutosha kujua yanayosemwa kuhusu kumfungia msichana ndani, na mengi kati ya hayo nayaamini. Lakini nilipokaa kwenye kigoda kile sikuona ukatili. Niliona bibi aliyekuwa akimfanyia mjukuu wake jambo kubwa kuliko yote aliyokuwa na uwezo nayo, na akilifanya kwa uangalifu. Niliona vilevile, na jambo hili lilinichoma kidogo, kwamba katika macho yake mimi ndiye niliyefanyiwa pungufu. Mama yangu alinipa shule, na bibi yule alinionea huruma kwa yale ambayo sikupewa.

Nikamuuliza kama msungo anaruhusiwa kukaa uani. Akasema watoto hukaa uani siku zote. Nikamuuliza kama msungo anaruhusiwa kusema. Bibi alitazama ukuta wa chumba cha nyuma, akatazama kidirisha chake kilichozibwa kwa kanga, akafikiri.

"Ukuta ni wangu," akasema, "lakini sauti yako siwezi kuishika. Kaa hapo. Sema unavyotaka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundisha ukuta. Kila alasiri, darasa la wakubwa lilipofungwa, nilikwenda na kukaa kwenye mkeka chini ya kidirisha, nikasoma maswali kwa sauti. Nilikuwa nimesahau jambo moja: mwali hapazi sauti. Yule mtoto aliyekuwa akisikika madarasa mawili mbali sasa alinong'ona, na aliyenong'onezwa hakuwa mimi bali kungwi, aliyekaa kizingitini na kuniletea majibu. Kazi hiyo kungwi aliipokea kama tarishi mwenye maoni yake. Mwanzoni alileta jibu tu. Baada ya siku chache alianza kuleta na hukumu.

"Anasema ni mia moja na nane, lakini mimi naona umemwonea. Swali refu hivyo."

Siku moja nilisoma swali nililolitunga mwenyewe, nikijiona hodari kwa kutumia mambo ya nyumbani. Mzee mmoja amefariki, ameacha watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja, na shamba la minazi ishirini na minane. Wakigawana sawasawa, kila mmoja atapata minazi mingapi? Kisha kungwi akatoka hadi katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Mwalimu, huyo mzee ni Mwislamu?"

Nikasema mzee wa pwani mwenye minazi yake, bila shaka.

"Basi swali lako ni bovu. Wa kiume anapata mafungu mawili, wa kike fungu moja. Watagawanaje sawasawa? Unataka tumkosee marehemu?"

Nikaeleza kwamba ni swali la hesabu tu. Kungwi akajibu kwamba mirathi nayo ni hesabu, na kwamba hajawahi kuona hesabu isiyomjali maiti. Bibi, aliyekuwa akisali mle ndani, alitoa salamu, akatoka na kuunga mkono. Tulikuwa bado tukibishana sisi watatu, mimi nimekwisha kushindwa lakini sijakubali, kungwi aliposita na kutega sikio kwenye kidirisha.

"Anasema wakigawana sawa ni saba saba," akatangaza. "Na wakifuata sheria, wavulana minane minane, msichana minne. Anasema yote mawili yamekamilika, hakuna mnazi uliobaki, na sasa tunyamaze asikie swali jingine."

Bibi alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akificha kicheko, na nilidhani, kwa wepesi wa mtu anayependa kuamini mema, kwamba jambo letu limekwisha. Nilimwambia hapo hapo kwamba binti yuko tayari, na kwamba imebaki tu kumruhusu atoke siku za mtihani. Uso wake ukarudi mahali pake. Mwali hatoki, akasema, mpaka achezwe. Hachezwi mpaka ndugu wakusanyike. Ndugu hawakusanyiki bila kula. Na mpunga bado uko bondeni, kwa sababu mwaka ule mto ulifurika na kubeba mbegu za kwanza, akapanda upya maji yalipopungua, na sasa shamba lake lilikuwa nyuma ya mashamba ya watu wote.

Nilifurahi, nikidhani kikwazo hiki kinatatulika dukani. Nikamwambia nitanunua mchele mimi, magunia atakayoyataja, uletwe kesho.

Kungwi aliinamisha kichwa kama mtu aliyesikia mtoto akitamka neno chafu mbele ya wageni. Bibi alinijibu taratibu.

"Mwali hatolewi kwa mchele wa dukani. Watu watakula nini, shamba la nani? Mtoto huyu ameamia ndege tangu hajui kufunga kanga yake mwenyewe. Mchele wa kumtolea ni ule wa shamba alilolilinda kwa koo lake. Unataka nimtoe kwa jasho la mtu simjui?"

Nilirudi nyumbani. Kwa namna fulani bibi alikuwa ametaja kile kile kilichompotezea mtoto shule, akakitaja kama heshima yake, na sikuweza kusema amekosea.

Kesho yake niliwaambia wanafunzi ukweli, kwa kuwa walikuwa wakiuliza kila siku. Kijana wa boriti, aliyekuwa mrefu kuliko mwalimu mkuu, alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa nyuma.

"Kwa hiyo shida ni mpunga, madam?"

Nikasema shida ni mpunga.

"Mpunga si unavunwa?"

Nikawaeleza kwamba haujaiva wote. Wakaanza kunijibu kwa pamoja, wakikatizana, kama nilivyotamani siku nyingi wajibu maswali ya historia. Shamba haliivi kwa siku moja, walisema. Kando huiva kwanza, na kwenye mwinuko huiva kabla ya kwenye bonde. Ukienda na mundu utafyeka vyote, vibichi na vilivyoiva. Ukienda na kisu kidogo unachagua shuke moja moja, lililokomaa unakata, bichi unaliacha lisubiri. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana bibi peke yake hawezi. Lakini wakienda wengi, mchele wa ngoma utapatikana na shamba litabaki limesimama.

Miaka yote ile nilikuwa nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wasiwatoe watoto darasani na kuwapeleka bondeni, na sasa darasa zima lilikuwa linaniomba mimi niwapeleke. Mwalimu mkuu, nilipomweleza, alitazama dari na kusema kwamba Jumamosi si siku ya masomo, na kwamba yeye Jumamosi hushinda kwa wakwe.

Tulikwenda Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata, wengine kwa miguu alfajiri, wengine kwenye tela la trekta lililokuwa likienda kubeba mahindi. Bibi alikuwa juu ya dungu lake, anaamia mwenyewe, akivuta kamba za makopo kwa mkono mmoja. Alituona tukiingia shambani tumejipanga mstari, kila mmoja na kisu chake na kapu, na hakuteremka. Nadhani hakuelewa. Wanafunzi wangu waligawana shamba bila kuambiwa na mtu. Msichana aliyekuwa mama alimfunga mwanawe mgongoni, na alikuwa wa kwanza kujaza kapu. Nilijaribu na mimi, na kijana wa boriti aliyekuwa jirani yangu akanitazama kwa subira ya mwalimu mzoefu.

"Madam, hilo bichi. Lirudishe." Kisha, baada ya kufikiri, "Basi lifiche, bibi asilione."

Wakati wa jua la mchana bibi aliteremka. Alipita kando kando akitazama mashuke yaliyobaki yamesimama, yakiwa mabichi na salama, akaingiza mkono kwenye kapu la huyu na la yule. Alipofika kwangu alilitazama kapu langu na kulipita kwa adabu.

"Watoto hawa nani kawafundisha?"

"Nyinyi, bibi," nikasema. "Nyinyi wazee wao, kila mmoja kwenye shamba la kwao. Ndiyo maana wako darasani kwangu."

Sikukusudia kumchoma, na sijui hata leo kama nilimchoma. Alisimama akiwatazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi dunguni na kuanza kuamia upya, kwa sauti safari hii, akiwafukuza ndege juu ya vichwa vya watoto wa watu. Alasiri alitupikia ugali na dagaa, akawaandalia wote kwenye sinia mbili, wavulana kwao na wasichana kwao, na mimi akaniweka kwa wasichana.

Ngoma ilichezwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani. Yaliyofanyika ndani siyajui na hata ningeyajua nisingeyaandika. Nilikuwa uani na watoto, nikisikia vigelegele vikitoka kupitia ukuta ule ule niliousomea maswali. Ndugu walikuja kutoka Ikwiriri na Mbwera, wakala wali mweupe wa bondeni. Kila aliyesifu wali ule aliambiwa na kungwi nani aliuvuna. Mara moja bibi alitoka nje kutafuta kitu, akaniona nimekaa na wadogo, akamwagiza mtu atandike mkeka mlangoni. "Msungo wangu akae hapo," akasema. Mlangoni hapakuwa ndani wala hapakuwa nje. Nilikaa hapo mpaka mwisho, na hakuna mahali nimewahi kukalishwa kwa heshima kuliko pale.

Lakini nilipokuwa naaga, nikimkumbusha bibi kwamba mtihani ni Jumatano, kungwi alinikumbusha na mimi jambo moja. Mwali aliyetolewa hutembezwa. Huchukuliwa nyumba kwa nyumba kwa jamaa zake, kuonyeshwa na kupewa tuzo, na safari hiyo ingewapeleka mpaka Mbwera. Nikamtazama bibi. Alisema tu kwamba yote yana mpango wake.

Asubuhi ya Jumatano nilisimama getini tangu mapema. Watahiniwa wengine waliingia, wakakaguliwa mifuko, wakapangwa mstari mbele ya chumba. Msimamizi, aliyeletwa kutoka wilaya nyingine kama ilivyo kawaida, alianza kuita majina. Askari wa kulinda mtihani alisimama na bunduki yake chini ya bendera. Kijana wa boriti alikuwa kwenye mstari, akigeuka kila mara kuniangalia, na kila mara nilitikisa kichwa.

Nikawaona wakitokea kwenye mikorosho. Kungwi mbele, bibi nyuma, na katikati binti, kanga mbili mpya zimemfunika sare ya shule, mikono imepakwa hina, uso ameuinamisha mpaka kidevu kikagusa kifua. Walitembea kwa mwendo wa kimwali, taratibu kabisa, wakati msimamizi akikaribia mwisho wa majina. Nilitamani kumshika mkono nikimbie naye. Bibi alifika mbele yangu, akapumua.

"Si umesema hapa napo ni kwao?" akasema. "Tumeanza kumtembeza huku."

Msimamizi aliita jina lake. Binti hakuinua uso wala hakuitika. Msimamizi akaliita tena, kwa sauti ya mtu anayefikiria saa, akaniuliza kama mtoto huyu ni bubu. Kungwi alimjibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia ya kisimani, kwamba mwali hainui uso wala hasemi mahali anapotembezwa mpaka wenyeji wamtuze. Nilipapasa mkoba wangu. Nilikuwa nimetoka nyumbani na funguo tu. Msimamizi alitazama saa, akatazama mlango wa chumba, akatazama karatasi zake, na nikaona amekwisha kufungua kinywa kutamka jina linalofuata.

Askari ndiye aliyekuja. Aliitundika bunduki begani vizuri, akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akainama na kuiweka kwenye kiganja cha binti kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa mtoto wa pwani.

"Mwali wetu," akasema, "inua uso uende ukafanye mtihani."

Akainua uso. Uso ule sikuwa nimeuona tangu mwanzo wa kipupwe. Aliniangalia mimi kwanza, kisha msimamizi, akajibu "Nipo," kungwi akazipokea kanga, na mtoto akaingia chumbani na sare yake.

Mlango ulifungwa. Sisi wengine tukaondolewa mpaka ng'ambo ya uzio, ambako bibi alitandika kanga na kukaa, na kungwi akakaa, na mimi pia. Kila baada ya muda bibi aliuliza wamefika wapi, na mimi sikujua. Walikuja vivyo hivyo siku ya pili. Somo la mwisho lilipokwisha, binti alitoka amechafuka wino kidole kimoja. Bibi hakumuuliza maswali yalikuwaje. Alimuuliza kama amekaa vizuri, kama alipewa maji, na kama yule baba wa karatasi alimkaripia. Kisha kungwi akamfunika tena kanga zake, kwa sababu jamaa walikuwa wakisubiri na boti ya Mbwera ilikuwa ya jioni ile.

Niliwasindikiza hadi barabarani. Mbwera ni mbali, na nimewaona wengi wakienda huko kwa siku chache na kubaki. Nilijizuia kadiri nilivyoweza, kisha nikamuuliza bibi kama mtoto atarudi.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana.

"Tunakwenda kutembea tu, mwalimu," akasema. "Tunarudi kusubiri majibu."